Mahamali, gari la kreni au timu ya mariga: nani akuhamishie mashine nzito Unguja na Pemba?

Ukiuliza namna ya kuhamisha mashine ya tani mbili na kuendelea hapa Zanzibar, utapata majibu matatu. Mmoja atakwambia tafuta mahamali, yaani wapagazi, wanaoijua kazi, waje na mitaimbo na mabomba yao, adhuhuri mtakuwa mmeshamaliza. Wa pili atasema kodi gari la kreni, mambo ya kusukuma yamepitwa na wakati. Wa tatu, na mara nyingi ni yule aliyekuuzia mashine, atakushikilia uite mariga, yaani mafundi ambao kazi yao ni kunyanyua na kusogeza vitu vizito tu, hata ikibidi wavuke na vifaa vyao kutoka Dar es Salaam. Hakuna anayekudanganya kati yao. Kila mmoja anaifikiria kazi aliyowahi kuiona ikienda vizuri.

Mashine zenyewe ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta ziliingia kila kona, hotelini, madukani, kwenye vyumba vya baridi. Baadhi yake sasa zinahamishwa au zinatolewa zipishe mpya. Ongeza mashine za barafu za wavuvi, mashine kubwa za kufulia za hotelini, mashine za kukereza chuma kwenye karakana, boila, mashine za matofali. Karibu zote zinapitia mikono ya mmoja wa hawa watatu.

Kwanza jua unachopima

Watu huanza na uzito. Sawa, lakini uzito una dawa yake: unausoma kwenye kibati cha mashine au kwenye kitabu chake, na kama havipo unamwomba muuzaji akupe kwa maandishi. Usikubali uzito wa kukisia. Kinachoharibu kazi zaidi ni njia, hasa kile kipande cha mwisho baina ya gari na msingi wa zege. Hapo ndipo penye mlango mwembamba, vidato vitatu ambavyo hakuna aliyevitaja, na karo, yaani shimo la maji machafu, lililofukiwa tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu simu, pita njia yote kwa miguu ukiwa na futi kamba. Pima upana wa kila mlango na kila kona, na urefu wa mashine ikiwa imekaa juu ya chombo kitakachoibeba. Angalia ardhi na kilichomo chini yake. Angalia juu: nyaya, matawi, roshani. Uliza mashine inalemea upande gani, maana ni chache ambazo uzito wake umekaa katikati. Jua pia kazi yako inaweza kusimama kwa muda gani, na mashine ikianguka ni nani atakayelipa. Hapa chini nawapitisha wote watatu kwenye mambo hayo hayo, ingawa hayana uzito sawa.

Njia

Hapa mahamali wana nguvu yao, na wanaowadharau hawajawahi kupeleka kitu kizito Kiponda au Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Gari la kreni linaweza kusimama Mizingani au kando ya barabara ya Mkapa, lakini ukishaingia vichochoroni mashine itakwenda chini kwa chini tu. Kazi yenyewe ni ya utaratibu. Mashine inainuliwa kidogo kwa jeki au mtaimbo, yanaingizwa mabomba ya chuma yenye unene mmoja, matatu au zaidi, kisha inasukumwa. Bomba la nyuma likichomoka linachukuliwa linatangulizwa mbele, na wakati wote yasipungue mawili chini ya mzigo. Kwenye kona bomba la mbele linalazwa mshazari, mashine inaufuata mshazari huo. Sakafu ikiwa mbovu zinatandikwa mbao nene au mabati mazito. Mwangalie anayepanga mabomba: akiyasogeza kwa kijiti, umempata mtu wa kazi. Akiyaingiza kwa vidole, mrudishe nyumbani na vidole vyake kumi.

Kikomo chao ni mteremko. Unguja mjini ni tambarare, hulioni tatizo hili. Pemba ni vilima na mabonde, na kutoka barabarani hadi kwenye kiwanja mara nyingi kuna kuteremka. Mashine iliyo juu ya mabomba kwenye mteremko haina breki. Lazima iwe na chenibloki, yaani kapi ya mnyororo, nyuma inayoizuia, imefungwa kwenye kitu kisichong'oka, na inalegezwa kidogo kidogo wakati wengine wanaongoza mbele. Watu kumi wakishika kamba kwa mikono hiyo si breki, hata wakiwa na nguvu kiasi gani.

Gari la kreni, ambalo wengine huliita winchi, ni zuri pale linapoweza kukaribia. Kwenye viwanja vya wazi kama vya Fumba, au karakana yenye geti pana Amani, linaipitisha mashine juu ya ukuta na kuiweka karibu na msingi kwa muda mfupi. Lakini nguvu ya kreni haikai sawa. Kila mkono unapozidi kutoka nje, uwezo unapungua kwa kasi. Mazungumzo ya kila siku yako hivi:

"Mzee, gari langu linanyanyua tani kumi."

"Kwa umbali gani, mwanangu?"

Kisha kimya. Kreni inayohesabiwa kuwa ya tani-mita 10, yaani tani zikizidishwa kwa mita za umbali, kwa hesabu ya karatasini, inabeba tani 2 kwenye umbali wa mita 5, na kwa kweli pungufu ya hapo kwa sababu mkono wake nao una uzito. Jedwali la uwezo huwa limebandikwa kwenye gari au limo ndani ya kibanda. Mwombe dereva akuoneshe mstari wa umbali unaoutaka wewe. Dereva mzuri hachukii swali hilo.

Mariga wanachokuzidishia kwenye njia ni kuja kuiona kabla. Wanapima, wanachora, wanajua mlango gani uvunjwe na upi uachwe. Vifaa vyao pia ni vingine: vigari vya chuma vyenye magurudumu madogo magumu, jeki zenye ukucha chini zinazoshika mashine iliyokaa karibu na sakafu, na fremu za kunyanyulia zinazofungwa ndani ya jengo ambamo kreni haiingii. Ila tusizidishe sifa. Ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe watafanya kile kile wanachofanya mahamali, kwa vifaa bora na kwa mahesabu. Kama njia yako ni fupi, kavu na bapa, tofauti hiyo huenda usiione.

Kunyanyua kwenyewe

Mahamali wakibaki chini, hatari yao ni ndogo. Mashine iliyoinuliwa vidole viwili, na vipande vya mbao vinaingizwa chini yake kila jeki inapopanda, ikiteleza inaanguka vidole viwili. Shida inaanza wanapotaka kuipandisha garini. Hapo utaiona chenibloki imetundikwa kwenye mwembe, au kwenye boriti ya dari, na hakuna aliyepiga hesabu ya mwembe wala ya boriti. Ukifikia hatua hiyo, simamisha. Kazi imeshatoka mikononi mwa mahamali, imekuwa kazi ya kreni.

Na kreni nayo, wanaotazama hulitazama gari, ilhali mara nyingi uzembe uko kwenye mikanda inayoushika mzigo na pembe yake. Chukua jenereta ya tani 4 inayonyanyuliwa kwa mikanda miwili. Mikanda ikisimama wima, kila mmoja unabeba tani 2. Ikilala hadi nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unabeba tani 2.3. Kwa nyuzi 45 ni tani 2.8. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mkanda unabeba tani 4 nzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Mkanda mfupi unaonekana nadhifu kwa sababu mashine haipandi juu sana, kumbe ndio unaozidiwa.

Mikanda ya kitambaa inayofuata viwango vya Ulaya ina rangi za kuujulisha uwezo wake ikiwa wima: zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5, kahawia tani 6, buluu tani 8, chungwa tani 10. Rangi peke yake haitoshi, maana jua la hapa linaifubaza na maji ya chumvi hayaisaidii. Tafuta kibandiko chake chenye maandishi. Mkanda uliopoteza kibandiko, ulioraruka ukingoni au uliopigwa fundo hautumiki, na haijalishi umefanya kazi ngapi salama.

Kila mashine ina mahali pake pa kushikwa. Jenereta inanyanyuliwa kwa pete au matundu yaliyowekwa kwenye fremu yake. Pete zilizoko juu ya injini ni za kuinulia injini ikiwa peke yake, hazikutengenezwa kubeba injini, dinamo na tangi kwa pamoja. Tangi lenyewe litolewe mafuta, kwa sababu mafuta yanayochezacheza yanahamisha uzito mzigo ukiwa hewani. Mashine ya kukereza chuma ina mtihani wake: upande wa kichwa ni mzito kuliko mkia, kwa hiyo lile gari la kisu, sehemu inayoshika kisu na kuteleza, husogezwa kuelekea mkiani hadi mizani ikae, kisha linafungwa lisitembee. Mkanda usiguse skrubu ndefu iliyo ubavuni. Ikipinda hiyo, umehamisha chuma chakavu, na utakuja kulijua hilo siku ya kwanza ya kukereza uzi.

Mariga waliobobea hawasubiri uwaambie hayo. Kabla ya siku yenyewe watakuletea mpango wa unyanyuaji: uzito, umbali, pembe, vifaa, nani anatoa ishara. Siku ya kazi wataunyanyua mzigo vidole vinne, watasimama, watauzunguka kuutazama, ndipo waendelee. Mtu mmoja tu anaongoza kwa mkono, lakini yeyote akipaza sauti ya kusimama, kazi inasimama. Mzigo unaelekezwa kwa kamba kutoka mbali, na chini yake hapiti mtu, hata mwenye mali. Utaratibu huu hauna siri. Mahamali wenye serahangi mkali, yaani msimamizi wao, wanaweza kuufuata, na dereva wa kreni vilevile. Tofauti ni kwamba mariga unawalipa ili waufuate, kwa wengine inategemea umempata nani.

Ardhi, na kilicho juu

Sehemu kubwa ya Unguja mashariki ni jiwe la matumbawe, na miguu ya kreni inakaa vizuri juu yake, isipokuwa jiwe hilo lina mashimo na mapango yasiyoonekana. Magharibi na Pemba udongo ni mwingi na mlaini zaidi, na mvua za masika zikishanyesha, gari zito linazama kiwanjani kabla hata halijanyanyua kitu. Mjini adui ni karo. Mfuniko wake wa zege ulijengwa kubeba watu, haukujengwa kubeba mguu wa kreni unaokandamiza kwa tani kadhaa mahali padogo. Muulize mwenye nyumba, muulize na jirani, halafu tandika mbao nene pana chini ya kila mguu hata kama umeambiwa hakuna kitu.

Kwa mahamali na mariga wanaopita ndani ya majengo, swali ni sakafu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, hakuna kisingizio cha kuweka tani mbili ghorofani bila mhandisi kuangalia. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe nayo iarifiwe kabla hujagusa ukuta au mlango. Mahamali hawatakukumbusha hilo, si kazi yao.

Juu kuna nyaya. Umeme mkubwa unaweza kuruka kwenda kwenye mkono wa kreni hata kabla haujaguswa, na dereva anayeangalia mzigo haangalii waya. Kama mkono utapita karibu, nenda ZECO, shirika la umeme, mapema upange kuzimiwa laini. Kama barabara itafungwa, mwambie sheha, na majirani wajue kabla ya kuziona koni.

Nani anabeba dhamana

Wengi hawalifikirii jambo hili mpaka kitu kianguke.

Ukikodi gari la kreni umekodi chombo na mtu wa kukiendesha. Mpango wa kunyanyua, kufunga mikanda, kujua uzito, kuchunguza ardhi, kwa kawaida vyote vinabaki vyako, hata kama hujui. Mashine ikidondoka, mwenye gari atasema uzito alitajiwa na wewe na mikanda ilifungwa na watu wako, na mara nyingi karatasi uliyosaini inasema hivyo hivyo. Bima ya gari kuwa barabarani ni jambo moja, bima ya mzigo unaoning'inia ni jambo jingine. Omba kuiona ya pili.

Kwa timu ya mariga unanunua kazi nzima, na mkataba unaweza kusema mashine ni yao tangu inapoondoka kwenye msingi wa zamani hadi inapokaa kwenye mpya. Nimesema unaweza. Usome. Wapo wanaojiita mariga ambao mkataba wao hautofautiani na wa kukodi kreni ila kwa bei.

Mahamali hawana mkataba, wana heshima yao na serahangi wao. Mashine ikivunjika ni yako, na kibaya zaidi, mguu wa mtu ukivunjika ni wako pia. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, na anayewapa watu kazi hawezi kujitoa kwa kusema walikuwa vibarua wa siku moja. Viatu vigumu, glavu na mtu mmoja anayesimamia ni vitu vidogo kulinganisha na hayo. Timu ikija kutoka Bara na karatasi za ukaguzi za huko, ulizia mapema kama zinatosha hapa, maana mambo ya kazi Zanzibar yana sheria zake.

Pesa

Sitaji bei, kwa sababu zinabadilika na kila mmoja anazihesabu kivyake. Mahamali ni bei ya mkupuo, mnakubaliana mkiwa mmesimama mbele ya mashine, na ni vyema kila mtu ajue kama chakula kimo. Kreni inahesabu muda, mara nyingi tangu inapotoka kwake hadi irudi, na kuna kiwango cha chini hata ukiitumia kwa dakika ishirini. Saa unayoipoteza ukimtafuta mwenye ufunguo wa geti unailipia. Mariga wanahesabu ziara ya kuangalia, usafiri wa vifaa kwa meli kwenda na kurudi, malazi, na siku za kusubiri bahari ikichafuka. Kwa mashine moja ya tani mbili gharama hiyo inaweza kuonekana ya kijinga. Kwa mashine tano kwa safari moja, au kwa moja ambayo ikivunjika kipuri chake kinaagizwa nje ya nchi, hesabu inageuka.

Kwa hali yako

Mashine iko chini ya tani mbili au karibu na hapo, njia ni bapa, hakuna kunyanyua zaidi ya kuipandisha kwenye mabomba: mahamali wazoefu na serahangi mmoja anayesikilizwa. Hata kama pesa unayo, ndani ya vichochoro hawa wanazijua kona ambazo mgeni atazipima siku nzima.

Jenereta au mashine ya barafu inatoka kwenye lori na kuwekwa kwenye msingi ulio wazi, gari linaweza kusogea karibu, uzito una karatasi: gari la kreni, ila ajiri pia fundi mmoja anayejua kufunga mikanda na kutoa ishara, asiyekuwa dereva. Huyo mmoja ndiye anayekosekana kwenye kazi nyingi za kreni hapa.

Hoteli inayotaka kutoa mashine kuukuu ya kufulia na kuingiza mpya bila kufunga, au mashine iko ghorofani, au inazidi uwezo wa kreni kwa umbali unaohitajika, au ni ya usahihi na lazima isawazishwe upya kwa kipimo ikishakaa: mariga. Hapa kazi ya kupanga ina thamani kuliko ya kunyanyua.

Kuchanganya kunaruhusiwa, na ndivyo kazi nyingi nzuri zinavyofanyika. Kreni inashusha Darajani, mahamali wanamalizia ndani. Au riga mmoja anakuja kupanga na kusimamia, nguvu kazi inatoka hapa hapa. Sharti ni kuandika ni wapi mkono mmoja unakabidhi na mwingine unapokea, ili mashine isiwe ya mtu yeyote ikiwa katikati ya barabara.

Pemba ongeza hatua moja kabla ya yote. Hakikisha chombo cha kunyanyulia kinapatikana kisiwani upande wa kushukia, Mkoani au Wete, na kwamba kinaweza kufika kiwanjani kwako, kabla mashine haijapakiwa Unguja. Mashine ikishashuka na hakuna cha kuinulia, utakodi cha kwanza kitakachotokea, kwa bei ya mwenyewe. Panga safari nje ya masika na nje ya siku za upepo mkali wa kusi, na nafasi ya gari kwenye meli iwekwe ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kwa sababu kreni inayosubiri meli ya kurudi Unguja bado inakuhesabia.